Chura wetu amekatwa na fyekeo, nimtibu vipi?

SWALI

Shikamoo shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora, Tanga, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na wapangaji wanne. Jambo langu wengine wataliona dogo, lakini nyumbani kwetu limeshakuwa maneno, ndiyo maana nakuandikia.

Uani kwetu kuna chura wa siku nyingi. Si wale wembamba wanaorukaruka mtaroni. Huyu ni mnene, wa rangi ya udongo, ana vipele mgongo mzima. Mchana hujificha nyuma ya pipa la maji, na jioni taa ya barazani ikiwashwa hutoka akakaa chini yake akidaka wadudu. Watoto wamemzoea, hata wakienda chooni usiku humulika kwanza wasije wakamkanyaga.

Juzi mwenye nyumba alileta kijana wa kufyeka majani, maana mvua za masika zimeyapandisha mpaka dirishani. Fyekeo likampata chura mguu wa nyuma. Mguu haukukatika, ila ngozi ya paja imepasuka, nyama ya ndani inaonekana, na akitaka kuruka anauburuza. Mwanangu mkubwa, yuko darasa la tatu, alilia mpaka majirani wakatoka nje. Nikamwingiza chura kwenye beseni, nikamtandikia kitambaa kibichi, nikamfunika kwa ungo. Mpaka sasa sijampaka kitu chochote, kwa sababu kila mtu ana lake.

Kijana wa duka la dawa anasema nimsafishe kwa spiriti halafu nimpake dawa ya kidonda. Jirani yangu wa chumba cha pili anasema chura anayeng'ang'ania nyumba ya mtu ametumwa, nimmwagie chumvi aondoke na yaliyomleta. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, anataka atupwe nje ya ukuta kwa kuwa mkojo wake utawaotesha watoto chunjua. Mume wangu ni mvuvi, yuko dago. Kwenye simu ameniambia tumpeleke Mto Zigi, kule Amboni, akakae na wenzake. Na mtoto naye anataka tumfuge kwenye ndoo. Jana alikuwa anamsokotea matonge ya ugali na dagaa, chura hata hakuyatazama.

Nifanye lipi, shangazi? Nimtibu kwa kitu gani, ale nini, na je, kweli anaweza kuwadhuru wanangu? Na kama hawezi kupona nitajuaje?

Mama Wawili, Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu.

Kutompaka kitu ndiko kulikomwokoa mpaka sasa. Endelea hivyo hivyo. Spiriti iache dukani, na Dettol, na ile dawa ya kidonda ya kijana wa duka, hata kama amekupa kwa nia njema. Acha nikueleze kwa nini, kwa sababu ukilielewa hili moja, mengine yote utayaamua mwenyewe bila kuniuliza.

Ngozi ya chura ni laini na inapitisha vitu. Kwa ngozi hiyo anapumua sehemu ya pumzi zake, na kwa ngozi hiyo anakunywa. Chura hanywi kwa mdomo. Analalia mahali pabichi, na ngozi ya chini ya tumbo na mapaja inavuta maji yaingie mwilini. Basi chochote unachompaka hakibaki juu kama kinavyobaki kwetu, kinaingia ndani mpaka kwenye damu. Huko Australia watu walikuwa wakinyunyizia Dettol vyura wa kigeni waliowavamia ili kuwaua, na inaua kweli. Dawa za kupaka za binadamu zenye ganzi ni hatari zaidi. Moja ya dawa hizo za ganzi, benzokaini, ndiyo madaktari wa wanyama wanayoitumia kumlaza chura ambaye hawezi kupona, asiamke tena. Kwa hiyo usipake, na wala usikubali mtu akupakie. Na nayajua ya mitaani kwetu: majivu, unga wa kahawa, dawa ya meno, mafuta ya taa. Yote hayo yakae mbali na beseni.

Chumvi nayo ni hivyo hivyo, tena ni mbaya kuliko zote. Chumvi inanyonya maji ya mwili kupitia ngozi ile ile, chura anakauka akiwa hai. Jirani yako mwambie kwa upole, usigombane naye, mnakaa ua mmoja. Chura hajatumwa na mtu. Amekuja kwa sababu nyuma ya pipa kuna ubichi na kivuli, na taa ya barazani inamletea wadudu mpaka mdomoni. Nyumba yoyote ya pwani yenye pipa linalovuja na taa inayowaka usiku itapata chura. Na kama jirani ni mtu wa dini, mkumbushe kwamba katika hadithi zilizokusanywa na Abu Daud imo ya tabibu aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu kumtia chura katika dawa, na Mtume akakataza kumuua. Mimi nikisikia mtu anatafuta chumvi ya kummwagia kiumbe huyu, moyo unaniuma kwelikweli.

Sasa tuje kwenye beseni lako.

Ungo ni mfuniko mzuri, unapitisha hewa. Weka kijiwe juu, maana chura mwenye mguu mmoja mbovu bado anaweza kusukuma usiku. Ukitaka kubadili, tumia wavu wa dirishani, lakini usichukue chandarua cha kitandani. Vyandarua vingi sasa vina dawa ya kuua mbu, na dawa hizo zinawadhuru sana samaki na vyura. Beseni lenyewe lisuuze kwa maji matupu mpaka harufu ya sabuni iishe kabisa. Kitambaa kitoe, kwa sababu vitambaa vyetu vina mabaki ya sabuni ya unga hata vikisuuzwa, uweke tishu nyeupe zisizo na manukato, zilizolowa bila kuchuruzika maji. Najua mtu atakuambia umwekee udongo ajisikie nyumbani. Akiwa mzima, sawa. Akiwa na nyama wazi, udongo unaingia kwenye kidonda na wewe huuoni. Tishu utaona damu, utaona usaha, utaona kinyesi, na utazibadilisha kila siku asubuhi.

Mpe pa kujificha. Kifuu cha nazi kilichopasuliwa nusu na kumegwa mlango mdogo kinamtosha. Chura anayeonekana na watu mchana kutwa anaishi kwa hofu, na hofu inamchelewesha kupona. Beseni likae chumbani penye kivuli na utulivu, mbali na jiko, mbali na feni inayopuliza moja kwa moja. Chini ya paa la bati lisilo na dari mchana wa Tanga ni tanuri, pale usimweke.

Maji ndiyo dawa yake ya kwanza, na ndipo watu wengi wanapokosea. Maji ya bomba yana klorini, ambayo kwetu haina neno lakini kwa ngozi hiyo inachoma. Chota kwenye ndoo, iache wazi bila mfuniko siku nzima na usiku wake, ndipo utumie. Maji ya mvua uliyoyakinga kwenye chombo safi ni bora zaidi, na masika haya hayakosekani. Maji ya kisima yaonje kwanza: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi chumvi, na hayo hayamfai hata kidogo. Weka kwenye kisahani kifupi, yasimzidi tumbo akikaa ndani. Chura huyu ni wa nchi kavu. Akiwa mnyonge anaweza kuzama kwenye maji ambayo wewe unayaona machache, na kwa mguu ule hawezi kujitoa.

Kidonda kisafishe mara moja kwa siku, si zaidi. Nawa mikono kwa maji matupu, suuza vizuri, uiache ikiwa mibichi. Mkono mkavu unakwangua ule ute unaomlinda, na mkono wenye losheni au dawa ya kufukuza mbu unamtia sumu. Mshike kwa kumzunguka kiunoni, mbele ya mapaja, bila kumminya tumbo. Mwagia kidonda maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, taratibu, mpaka nyasi na uchafu vitoke. Usisugue kwa pamba, nyuzi zake zinabaki ndani. Usimfunge bendeji, wala usimshone kwa uzi wa nyumbani. Ukimaliza mrudishe kwenye kifuu chake, umwache. Najua mtoto atataka kumwona kila saa, lakini kila mnapomnyanyua mnamrudisha nyuma siku nzima.

Akikukojolea, usishtuke. Chura huhifadhi maji kwenye kibofu kama akiba ya siku za kiangazi, na akiogopa huyamwaga. Mkojo huo karibu wote ni maji. Haukuwashi, haukutii upofu, na hauoteshi chunjua. Chunjua za binadamu zinatokana na virusi vya binadamu, mtu anaambukizwa na mtu mwenzake au na kitu alichokishika. Vile vipele vya mgongoni mwa chura ni tezi tu za ngozi yake, ndiyo asili yake. Mama mkwe usimbishie mbele ya watoto. Mweleze mkiwa wawili. Watu wazima wetu walisema hivyo ili watoto wasichezee vyura, na kusudio hilo lina maana, kwa sababu hatari ipo, ila si hiyo.

Hatari iko nyuma ya macho. Tazama, utaona vivimbe viwili virefu, kimoja kila upande. Akibanwa au aking'atwa vinatoa utomvu mweupe mzito, na huo ni sumu inayogusa moyo. Mtu akiugusa kwa mkono usio na kidonda hapati kitu kikubwa, lakini ukiingia machoni unawasha vikali, na ukimezwa ni jambo la hospitali. Mbwa na paka wanaomng'ata chura wa aina hii hutokwa na povu mdomoni, na mbwa mdogo anaweza kufa. Hivyo sheria za nyumba yako ziwe hizi: anayemshika chura ni wewe peke yako, ukimaliza unanawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au uso, na beseni lake halirudi tena kwenye vyombo vya jikoni. Mtoto anaweza kuchota maji, kubadilisha tishu, kutafuta wadudu, bila kumgusa. Utomvu ukimruka mtu jichoni, asafishe kwa maji mengi ya kutiririka papo hapo, na maumivu yakibaki aende kituo cha afya.

Mguu wenyewe sasa. Umeniambia anauburuza. Hiyo inaweza kuwa maumivu ya kidonda, inaweza kuwa msuli umekatwa, inaweza kuwa mfupa umevunjika. Nyumbani huwezi kujua kwa kubonyeza, na usijaribu kumfunga vijiti. Mtazame tu akiwa ametulia. Akiuvuta mguu na kuukunja chini ya mwili wake, hata kidogo, hiyo ni dalili njema. Ukibaki umenyooka nyuma siku zote, au umegeukia upande usio wake, yawezekana mfupa umekwenda. Chura mkubwa haoti mguu mwingine, lakini aliyepoteza hata mguu mzima wa nyuma anaweza kuishi ikiwa kidonda kitafunga vizuri, kwa sababu windo lake yeye analisubiri limfikie, halikimbilii. Nyama iliyopasuka namna hiyo ni jambo la wiki kadhaa, si siku mbili tatu.

Cha kuogopa zaidi siku hizi za mvua ni nzi. Nzi akipata njia ya kuingia anataga kwenye kidonda, na funza wanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Ndiyo maana mfuniko usiwe na upenyo mkubwa. Kila asubuhi tazama kidonda kwenye mwanga: ukiona punje nyeupe zimeshikamana, hayo ni mayai, yatoe kwa kibano safi na umwagie maji. Ukiona funza wameshaingia ndani ya nyama, hapo si kazi yako tena.

Dalili nyingine utaiona tumboni. Ngozi ya tumbo ikianza kuwa nyekundu, akalegea, akanuka, uchafu umeshaingia kwenye damu. Lakini tahadhari: kwa maelezo yako huyu inaelekea ni wale vyura wanaokoroma usiku wa mvua, na wao wana madoa mekundu ya asili nyuma ya mapaja. Mtazame vizuri leo, mguu mzima kwa mbovu, ujue rangi yake ilivyo kabla ya kuogopa kesho. Na ukimkuta anajivua ngozi nyembamba na kuisukumia mdomoni, mwache aimalize. Vyura hubadili ngozi mara kwa mara na kuila ile kuukuu.

Umeuliza ale nini. Siku ya kwanza na ya pili usimpe kitu, anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Baada ya hapo mpe wadudu wazima, wanaotembea, jioni giza likiingia. Chura haoni chakula kisichotikisika, na ndiyo sababu ugali na dagaa hakuvitazama, si kwamba anadeka. Kumbikumbi wa mvua hizi, panzi, mchwa, nyungunyungu wa kwenye udongo uliolowa, mende mdogo kutoka nyumba isiyopuliziwa dawa. Mdudu asizidi upana kati ya macho yake mawili. Siafu hapana, viwavi vya manyoya hapana. Wasioliwa mpaka asubuhi watoe, kwa maana mende na nyenje wenye njaa watageuka wakatafune kidonda. Akimeza utamwona anafumba macho na macho yanazama kichwani. Usifikiri anaumwa. Chura hana meno ya kutafuna, macho yakizama yanasaidia kusukuma windo kooni. Mwonyeshe mtoto, hilo atalifurahia zaidi ya matonge yote aliyosokota.

Tatizo letu ni daktari. Wengi walioko karibu nasi wamezoea ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Hata hivyo anzia kwa afisa mifugo wa kata yako, mweleze, akikosa jibu anaweza kujua nani wa kumuuliza. Nyinyi wa Tanga mna chuo cha mifugo pale Buhuri, si mbali, na kuuliza si ujinga. Usikubali tu kupewa dawa ya kuku ukaambiwa uipime kwa macho. Chura mkubwa ana uzito wa gramu chache mno kwa vipimo hivyo, na tone moja linaweza kuwa mara nyingi ya kiasi chake.

Mume wako ana huruma, nimemwelewa, lakini Mto Zigi hapana. Chura wa uani anajua uani kwake: wapi pana ubichi, wapi pa kujificha kunguru wakija, dimbwi gani la kuzaliana masika yakianza. Ukimwachia Amboni na mguu mbovu, ni kama umemtupa tu. Na liko jambo kubwa kuliko yeye mmoja. Vyura wana magonjwa yao, na la kutisha kuliko yote ni fangasi inayoshambulia ile ngozi wanayopumulia. Imeangamiza vyura sehemu nyingi za dunia, na binadamu tumeisambaza kwa kuhamisha vyura, maji na matope kutoka mahali hadi mahali. Hapa nchini tuna kisa chake. Vyura wadogo wa Kihansi waligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la maporomoko ya Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na hawakuwa wanaishi penginepo. Bwawa la umeme lilipopunguza maji na yale manyunyu ya maporomoko waliyoyategemea, wakadhoofika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani wakazalishwe kule, na waliobaki korongoni walianguka ghafla mwaka 2003, fangasi hiyo ikakutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 wakatangazwa kwamba porini wamekwisha. Waliozaliwa Marekani walianza kurudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni. Tazama gharama na miaka iliyokwenda kwa chura anayeenea kwenye kidole gumba. Na sisi wa mkoa huu tuna Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki anakotokea huo Zigi, na kule kuna vyura ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Sisemi wako ni mgonjwa. Nasema usihamishe chura, wa kwako wala wa mtu mwingine, kutoka maji haya kwenda maji yale.

Atarudi pale pale nyuma ya pipa. Mrudishe kidonda kikiwa kimefunga, ngozi imeshikana, anaruka hata kama anaruka kombo, na anadaka mdudu mwenyewe kwenye beseni. Chagua jioni yenye ubichi, baada ya mvua, taa ya barazani ikiwa imewashwa, na kuku wa jirani wameshafungiwa.

Kwa hiyo mtoto naye amepata jibu lake: hatumfugi. Lakini usimjibu kwa mkato. Mtoto wa darasa la tatu aliyelia kwa ajili ya chura ana kitu ndani yake ambacho watu wazima wengi wameshakipoteza, kilinde. Mwambie chura amelazwa kwa muda, na mgonjwa akipona huruhusiwa. Mpe daftari aandike kila siku: amekula nini, mguu unakunjika au haukunjiki, kidonda kina rangi gani. Pia mwambie mapema, kabla halijatokea, kwamba anaweza asipone. Akifa, mzikeni uani. Usimdanganye kwamba amehama.

Mtu akija kukuambia kwamba chura mmoja atawamalizia malaria, usimwamini. Anakula mende, mchwa na wadudu wanaotambaa kwa wingi, na huo ni msaada mkubwa uani, lakini mbu wanabaki kuwa kazi ya chandarua.

Na mwenye nyumba mwombeni kabla ya kufyeka tena atoe taarifa siku moja kabla. Kijana apite kwanza na fimbo akipiga piga majani kuanzia ukutani kwenda upande ulio wazi, chura atasogea. Majani ya karibu na pipa yakatwe kwa mkono, au yaachwe kabisa. Lundo la takataka lisichomwe bila kufukuliwa, maana ndani yake ndimo wanamolala mchana.

Umeuliza utajuaje kama hawezi kupona. Mlaze chali mara moja tu, mkononi, karibu na tishu. Chura mwenye nguvu hujigeuza papo hapo. Akishindwa kujigeuza, au mfupa umetokeza nje, au matumbo yameonekana, au funza wako ndani ya nyama, mpeleke kwa daktari wa mifugo umwombe amlaze kwa dawa, bila maumivu. Usimtie kwenye friji, usimmwagie maji ya moto, na ile chumvi ya jirani ibaki jikoni. Ukiona moja ya hayo kesho asubuhi, usisubiri niandike tena, ondoka naye siku hiyo hiyo.